Kantorovich, Aliyeifundisha Mipango Kuhesabu

Wako wasomaji wetu watakaoliona jina hili na kuuliza: mtu huyu mgeni atuhusu nini? Hakuzaliwa Afrika, hakuongoza jeshi wala chama, na kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa hesabu, tena hesabu ambazo wengi wetu tulizikimbia tangu shuleni. Swali hilo ni la haki, na jibu lake twalitafuta Kibakwe.

Kibakwe iko katika wilaya ya Mpwapwa, upande wa milima. Mkulima wa huko hulima mahindi, maharage, vitunguu na alizeti, na hakuna awezaye kumfundisha namna ya kushika jembe. Lakini akishavuna, shida nyingine humkabili ambayo jembe haliwezi kuitatua. Lori ni moja na vijiji vingi. Vitunguu haviwezi kungoja, mahindi yaweza kungoja, na alizeti inangojwa na mwenye mashine ya kukamua. Barabara ya mlimani leo yapitika, kesho mvua ikinyesha haipitiki. Je, lori liende wapi kwanza? Libebe nini, na liache nini? Likikosea siku mbili tu, jasho la miezi mitano laozea kando ya njia. Wala hapana mtu aliyeiba, wala hapana mtu aliyekuwa mvivu. Kilichokosekana ni mpango.

Shida ya kiwanda chochote duniani ni hiyo hiyo. Mashine ni chache, kazi ni nyingi, malighafi ni haba, na mnunuzi ametaja tarehe. Leo viwanda vikubwa huijibu shida hiyo kwa programu za kompyuta za kupanga na kuratibu uzalishaji, ambazo kwa muda mfupi hupima mashine, watu, malighafi na vyombo vya kusafirishia kwa pamoja, kisha huamua kazi ipi ianze wapi na saa ngapi. Watu huzitazama programu hizo kama uchawi wa siku hizi. Si uchawi, na mzizi wake si wa siku hizi. Mmoja wa mizizi yake mikubwa ni kijitabu kilichochapishwa katika mji wa Leningrad mwaka 1939, na aliyekiandika ni Leonid Vitalyevich Kantorovich. Twataka leo tusimulie maisha yake, kwa kuwa yana funzo kwa kila mfanyakazi na kila mkuu wa kazi.

Kantorovich alizaliwa tarehe 19 Januari 1912 katika mji ulioitwa wakati huo St. Petersburg, ambao baadaye uliitwa Leningrad. Baba yake alikuwa daktari. Utoto wake ulipita katika vita, mapinduzi na njaa, na mwaka 1922, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi, baba alifariki dunia, akaachwa alelewe na mama yake. Akili ya mtoto huyo ilidhihirika mapema mno. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 14 tu, aliingia Chuo Kikuu cha Leningrad. Akamaliza mwaka 1930, akiwa na miaka 18, na mwaka 1934, akiwa na miaka 22, alikuwa profesa. Mwaka uliofuata alipewa shahada ya udaktari wa hesabu bila kudaiwa kuitetea tasnifu, maana kazi alizokwisha kuziandika zilitosha kuwa ushahidi.

Kijana wa namna hiyo angeweza kuishi maisha yake yote katika hesabu zisizoguswa na vumbi la kiwanda, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1938 waliletwa kwake watu wa maabara ya shirika la plaiwudi. Hawakumletea nadharia, walimletea shida. Walikuwa na mashine nane za kumenya magogo na aina tano za magogo. Kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina ya gogo. Plaiwudi ilitakiwa itoke kwa uwiano uliopangwa, kiasi fulani cha aina hii kwa kiasi fulani cha aina ile. Wakamwuliza: kila mashine tuipe kazi ipi, na kwa muda gani, ili kiwanda kitoe plaiwudi nyingi kabisa?

Ili msomaji auone uzito wa swali hilo, tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Tuseme wanaushirika wa Kibakwe wana mashine mbili za kukamua mafuta, moja kuukuu na moja mpya, na kila moja yafanya kazi saa 12 kwa siku. Mashine kuukuu kwa siku nzima yatoa madebe 4 ya mafuta ya alizeti, au madebe 2 ya mafuta ya karanga. Mashine mpya yatoa madebe 6 ya alizeti, au madebe 6 ya karanga. Mnunuzi ataka jozi: kwa kila debe la alizeti, debe moja la karanga. Msimamizi asiyependa kujisumbua ataigawa siku nusu kwa nusu kwa kila mashine. Atapata madebe 5 ya alizeti na 4 ya karanga, yaani jozi 4, na debe moja la alizeti litabaki bila mwenzake. Sasa aje mtu wa hesabu. Ataiacha mashine kuukuu ikamue alizeti siku nzima, nayo itatoa madebe 4. Mashine mpya ataipa alizeti kwa saa 2 tu, itoe debe 1, na saa 10 zilizosalia ataipa karanga, itoe madebe 5. Jumla ni madebe 5 ya alizeti na 5 ya karanga: jozi 5. Mashine ni zile zile, watu ni wale wale, saa ni zile zile, na jozi moja imeongezeka kwa kila nne. Hakuna aliyetoa jasho zaidi ya jana.

Na msomaji aangalie jambo jingine. Mashine mpya yaishinda ile kuukuu kwa alizeti na kwa karanga pia. Mtu wa haraka angesema kuukuu haina maana. Hesabu yasema la: kuukuu ina mahali pake, ikipewa kazi ambayo haizidiwi sana. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mashine, na twadhani hivyo ndivyo ilivyo kwa watu.

Kwa mashine mbili, mtu mwenye penseli na subira atapata jibu. Kwa mashine nane na magogo ya aina tano, njia za kugawa kazi ni nyingi mno, na kuzijaribu moja baada ya nyingine kungemaliza umri wa mtu kabla ya kumaliza hesabu. Njia za hesabu zilizofundishwa siku hizo hazikufaa. Kantorovich ilimbidi abuni njia mpya. Akakipa kila kilicho haba kipimo chake cha thamani, akavirekebisha vipimo hivyo hatua kwa hatua, mpaka mgawanyo wa kazi na vipimo vikakubaliana. Vilipokubaliana, jibu lilikuwa limepatikana, tena lilikuwa jibu lisiloweza kupitwa na jingine.

Vipimo hivyo ndivyo moyo wa kazi yake, na yafaa tuvitazame kidogo. Katika mfano wetu, mashine mpya ikisimama saa 4, kiwanda chapoteza jozi moja. Mashine kuukuu, ili ipoteze jozi hiyo moja, yahitaji kusimama saa 6. Kwa hiyo saa ya mashine mpya ina thamani kubwa kuliko saa ya mashine kuukuu, nasi twajua imezidi kwa kiasi gani. Fundi akiwa mmoja na mashine zote mbili zimeharibika, twajua aanzie wapi. Kipuri kikiwa kimoja, twajua kiende wapi. Thamani hiyo haikutungwa na mkubwa yeyote, wala haikuletwa na mfanyabiashara. Imetoka ndani ya mpango wenyewe, na yatuonyesha penye ufinyu.

Kantorovich aliona upesi kwamba shida ya plaiwudi haikuwa ya plaiwudi peke yake. Kugawa kazi kwa mitambo, kukata mabati na mbao bila kupoteza vipande, kutumia ardhi ya kilimo kwa mazao mbalimbali, kupeleka shehena kwa reli bila mabehewa kurudi matupu, yote hayo yalikuwa swali moja lililovaa nguo tofauti. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Leningrad kikachapisha kijitabu chake juu ya njia za hesabu katika kupanga uzalishaji. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 27. Angalikuwa katika nchi isiyojali mipango, pengine tungesema hakupata wasikilizaji. Lakini nchi yake ilikuwa inajitapa mbele ya dunia nzima kwamba ndiyo nchi ya mipango. Hapo ndipo kisa chake kinapokuwa kigumu.

Vita vikaingia. Leningrad ukazingirwa na majeshi ya Ujerumani, na njia iliyobaki ya kuingiza chakula wakati wa baridi ilikuwa juu ya barafu ya ziwa Ladoga, ambapo malori yalipita usiku na mchana. Imesimuliwa kwamba Kantorovich ndiye aliyepewa kazi ya kukadiria nafasi ya kuachwa kati ya lori na lori kwa kadiri ya unene wa barafu, na kwamba yeye mwenyewe alitembea katikati ya malori hayo ili aone kama hesabu yake ni ya kweli. Kisha akahamia Yaroslavl pamoja na chuo cha wanamaji alichofundisha, na huko, mwaka 1942, akaandika kitabu kikubwa juu ya matumizi bora ya rasilimali za uchumi wa nchi nzima.

Akakipeleka kitabu hicho kwa wakuu wa mipango. Hawakumshukuru. Walimwona ni mtu wa hatari. Kisa kilikuwa vile vipimo vya thamani. Mafundisho yaliyotawala yalisema kwamba thamani ya kitu yatokana na kazi ya binadamu iliyomo ndani yake. Basi mtu huyu asemaye kwamba saa ya mashine ina thamani, na kwamba ardhi nzuri ina thamani, na kwamba vitu hivi vyapimwa kwa upungufu wake, ameitoa wapi elimu hiyo kama si kwa mabepari? Bure alieleza kwamba hakuchukua chochote kwa mtu yeyote, na kwamba hesabu yenyewe ndiyo iliyosema hivyo. Katika siku hizo za Stalin neno la namna hiyo liliweza kumpeleka mtu mahali asiporudi. Kantorovich akakiweka kitabu sandukuni, akarudi kwenye hesabu tupu, na kwa hesabu hizo akapewa Tuzo ya Stalin mwaka 1949. Kitabu chake kilingoja miaka 17, mpaka mwaka 1959, ndipo kikachapishwa.

Hata hivyo hakuacha kabisa kazi ya viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye na mwenzake Zalgaller walikisaidia kiwanda cha mabehewa cha Egorov pale Leningrad kukata vyuma kwa hesabu, ili vipande vinavyotupwa vipungue. Vikapungua kweli. Lakini kisa kinasimuliwa kwamba kiwanda hicho, kama viwanda vingine, kilikuwa kimewekewa pia kiasi cha chuma chakavu cha kutoa kila mwaka kwa ajili ya kuyeyushwa. Sasa chakavu kimepungua kwa sababu chuma kinatumika vizuri, na kiwanda kikaonekana kimeshindwa kutimiza sehemu hiyo ya mpango. Aliyefanya vema akaulizwa kwa nini ameharibu.

Twaomba wasomaji wetu wasikicheke kisa hiki upesi. Nani kati yetu hajapata kuona ofisi ambayo mwisho wa mwaka hutafuta namna ya kumaliza fedha ili mwakani isipunguziwe? Nani hajapata kusikia msimamizi anayepunguza makadirio yake kwa makusudi ili ayavuke kwa urahisi na apongezwe? Mpango unaompa sifa mtu kwa kupoteza, ukamlaumu kwa kuokoa, hautaponywa na mashine yoyote.

Na wakati huo huo ambapo kitabu cha Kantorovich kilikuwa kimefungwa sandukuni, mpango mwingine mkubwa ulikuwa ukitekelezwa karibu kabisa na Kibakwe, nao ulitoka kwa watu waliojiita wapinzani wakubwa wa nchi yake. Twasema juu ya mpango wa karanga wa Kongwa. Tunauleta hapa kwa kuwa waonyesha kwamba kosa la kupanga bila kuhesabu halina itikadi.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ukaletwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ukaizunguka Tanganyika na nchi za jirani kwa wiki chache, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Mahali pa kuanzia palikuwa Kongwa, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa. Katika mwaka wa kwanza, 1947, zilikusudiwa ekari 150,000. Hazikufika 10,000. Matrekta yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, na mengi yalifika mabovu. Karakana ya kuyatengeneza haikuwa tayari. Vipuri havikulingana na mashine. Bandari ya Dar es Salaam haikuwa na nafasi ya kutosha, na reli ilikuwa ya njia moja, tena ile inayopita bonde la mto Kinyasungwe, ambao kila mwenyeji wa Gulwe na Kidete ajua ufanyalo wakati wa mvua. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama saruji, ukazila plau. Mibuyu haikung'oka kwa amri. Mvua hazikutosha. Na wafanyakazi, ambao mpango uliwahesabu kama vile walivyohesabiwa mapipa ya dizeli, walikuta vitu vimepanda bei na mishahara ni ile ile. Mgomo wa makuli ulioanza Dar es Salaam mwaka 1947 uliifuata reli mpaka Kongwa. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyotangazwa ilikuwa paundi milioni 36 hivi.

Fedha hazikukosekana pale, wala ushujaa haukukosekana. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya trekta la kwanza kupakiwa melini: penye ufinyu ni wapi? Kama ufinyu ni gati la bandari, kununua matrekta mengine hakuongezi ekari hata moja, kunaongeza kutu. Kama ufinyu ni karakana, basi fundi mmoja ana thamani kuliko matrekta kumi. Hilo ndilo swali la Kantorovich. Nao wakuu wa Kongwa hawakuweza kudai kwamba halikuulizwa na mtu ulimwenguni.

Kwa maana wakati huo huo wengine walikuwa wameanza kuliuliza mbali na Leningrad, bila habari naye. Tjalling Koopmans, aliyezaliwa Uholanzi na kufanya kazi Marekani, alilikuta wakati wa vita alipotafuta njia bora ya kuzigawa meli za mizigo. George Dantzig, aliyelifanyia kazi jeshi la anga la Marekani, alibuni mwaka 1947 njia ya hesabu ambayo baadaye ilifaa sana kwa kompyuta. Kijitabu cha mwaka 1939 kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1960, wataalamu wa Marekani waliona kwamba Mrusi aliwatangulia.

Nyumbani kwake nako milango ikaanza kufunguka baada ya Stalin kufa mwaka 1953. Mwaka 1958 alichaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya nchi yake, mwaka 1960 akaenda kufanya kazi Novosibirsk huko Siberia, na mwaka 1964 akawa mwanachama kamili wa Akademia hiyo. Mwaka 1965 alipewa Tuzo ya Lenin pamoja na Nemchinov na Novozhilov, watu waliosimama naye wakati kusimama naye kulikuwa na gharama. Kazi yake iligusa hata nauli za teksi: yeye na wanafunzi wake walishauri abiria alipe kiasi fulani kwa kuingia garini, kisha kila kilometa iwe nafuu, ili dereva asiikimbie safari fupi na abiria asiiogope safari ndefu. Mwaka 1971 alihamia Moscow, na mwaka 1975 yeye na Koopmans wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mmoja alitoka nchi ya mipango, mmoja nchi ya biashara. Hesabu ilikuwa moja.

Katika miaka hiyo sisi huku tulikuwa wapi? Twakumbuka kwamba mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya tuzo hiyo, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalum, baada ya mitambo ya kwanza iliyofungwa Hazina kuleta hasara na fujo. Hatuilaumu Serikali ya siku hizo. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mtambo usiowapatia wananchi faida hauna haki ya kuzila fedha hizo. Lakini twakumbuka pia kwamba miaka michache baadaye viwanda vyetu vingi vilifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, kimoja kikingoja kipuri, kingine pamba, kingine mafuta, huku kila kimoja kikiwa na mpango wake mzuri uliopigwa chapa. Fedha za kigeni zikiwa haba, swali la ni kiwanda gani kipate dola ya kwanza si swali la kujibiwa kwa barua ya mtu anayemfahamu mtu. Ni swali la hesabu, nayo hesabu hiyo yaweza kuanzwa kwa penseli.

Kantorovich alifariki Moscow tarehe 7 Aprili 1986, akiwa na umri wa miaka 74. Alimwacha mkewe Natalia, aliyekuwa daktari, na watoto wawili, ambao wote waliifuata njia ya hesabu na uchumi. Miaka mitano baadaye nchi yake ilivunjika. Alikuwa ameishauri kwa karibu nusu karne kwamba bei na malengo yalingane na upungufu wa kweli, nayo ilimpa nishani nyingi kuliko ilivyomsikiliza.

Lakini kazi yake haikuzikwa naye. Tangu miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kutumia kompyuta kukokotoa malighafi zinazohitajika: ukitaka baiskeli 100, mtambo ulikuambia uagize magurudumu 200. Programu hizo zilikuwa na upofu mmoja mkubwa. Zilidhani mashine hazichoki wala hazina kikomo. Zilitoa ratiba nzuri ambayo karakana haikuweza kuitimiza. Katika miaka ya 1980 na 1990 zikaja programu za aina nyingine, zinazopima malighafi, uwezo wa mashine, zamu za watu, maghala na malori kwa wakati mmoja, zikitafuta penye ufinyu kabla ya kutoa ahadi ya tarehe. Mteja akiagiza leo, humwambia siku gani atapata. Mashine ikiharibika, hupanga upya kazi yote. Ndani ya programu hizo mna njia nyingi zilizobuniwa na watu wengi. Hata hivyo mtu akichimba mpaka chini, atayakuta yale magogo ya aina tano na zile mashine nane.

Sasa basi, wafanyakazi na wakulima wafanye nini na habari hii? Twaona mambo matatu.

La kwanza, tarakimu za kweli. Kompyuta haina macho. Ukiiambia kwamba lori laenda Mpwapwa na kurudi Kibakwe mara mbili kwa siku, itaamini, nayo itapanga mazao yaozee barabarani kwa ustadi mkubwa. Mwenye kujua kweli kwamba mashine ile hutumia saa moja kupata moto, au kwamba kilima kile hakipandiki siku ya mvua, si mkuu aliye Dodoma wala Dar es Salaam; ni yule anayeshika usukani na yule aliyesimama mbele ya mashine. Mpango ambao haukumwuliza huyo ni mpango wa Kongwa. Naye anayeulizwa akadanganya ili apate sifa, au kwa kuogopa lawama, anaiba kama vile aliyefungua ghala usiku.

La pili, lengo ni la watu. Hesabu ya Kantorovich yaweza kumwambia mtu njia bora ya kupata akitakacho. Haiwezi kumwambia atake nini. Ukiiagiza ipate faida kubwa tu, itawafanyisha watu kazi usiku kucha kama hukuiambia kwamba usiku mfanyakazi hulala. Ukiiagiza ipeleke lori penye mzigo mwingi tu, kijiji kidogo cha mlimani hakitaliona lori hilo mpaka mwisho wa dunia. Masharti hayo yapasa kuandikwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, na anayepaswa kuyaandika ni mwananchi katika mkutano wake, katika chama chake cha ushirika na katika chama chake cha wafanyakazi. Asiyesema wakati masharti yanaandikwa asishangae ratiba ikimsahau.

La tatu, tusimwadhibu aletaye habari ya upungufu. Wakuu wa mipango walimwogopa Kantorovich kwa sababu tarakimu zake zilionyesha mahali ambapo mambo hayaendi. Mkuu anayekasirikia habari hiyo atapata taarifa tamu mwaka mzima na ghala tupu mwisho wa mwaka. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anayeficha ufinyu wa kiwanda chake hatazaa kitu, hata akinunuliwa kompyuta yenye thamani ya kiwanda chenyewe.

Leo reli ya kisasa inafika Dodoma, viwanda vinaongezeka, na kompyuta si kitu tena cha kuombewa kibali. Kijana wa Kibakwe anayo mfukoni mwake ndani ya simu. Vyombo vimepatikana. Twamkumbuka Leonid Kantorovich si kwa ajili ya vyombo, bali kwa ajili ya tabia: alikuja na jibu la kiwanda akiwa profesa aliyeweza kukikataa kiwanda, akaona kwamba kilicho haba kina thamani hata kama wakubwa hawataki kuisikia thamani hiyo, akakingoja kitabu chake miaka 17. Chama cha ushirika chenye lori moja na daftari moja chaweza kuanza msimu huu huu kuandika kila safari, mzigo uliobebwa, mzigo uliobaki, na saa zilizopotea zilipotea wapi. Daftari hilo likijazwa kwa uaminifu, mtu wa hesabu atakapokuja atakuwa na kazi ya kufanya. Lisipojazwa, hata Kantorovich mwenyewe angefufuka asingeweza kutusaidia.